Mama Katika Kinyago na Mama Katika Daftari

Atakaye kuujua moyo wa taifa na atazame nyumba zinazohifadhiwa na taifa hilo. Nyumba huhifadhiwa kwa fedha, kwa jasho na kwa sheria, wala hakuna atumiaye vitu hivyo vitatu kwa jambo asilolithamini. Hapa kwetu Makumbusho ya Taifa yalifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1940, na tangu wakati huo yamezaa watoto: Kijiji cha Makumbusho, Makumbusho ya Azimio la Arusha, Makumbusho ya Majimaji mjini Songea, Makumbusho ya Mwalimu Nyerere kule Butiama, na ya Mzee Rashidi Kawawa huko huko Songea. Nyumba ya Magomeni alimoishi Mwalimu wakati wa kudai Uhuru nayo imetunzwa. Sina ugomvi hata na moja ya nyumba hizo. Ninachouliza ni hiki: baada ya kuzizunguka zote, msichana wa shule ya sekondari ataambiwa nyumba ya mwanamke i wapi?

Siku moja nilifuatana na wanafunzi wa kidato cha tatu kwenda kutazama jumba moja la kumbukumbu ambalo sitalitaja. Mwongozaji alituonyesha kiti, kalamu, redio na fimbo ya mwenye nyumba. Msichana mmoja akanyosha mkono, akasema, "Samahani, mzee, mama wa nyumba hii alikuwa akikaa wapi?" Mzee akatabasamu, akajibu, "Jikoni, mwanangu." Wanafunzi wote wakacheka, isipokuwa yule aliyeuliza. Tukatoka, na jikoni kwenyewe hatukuonyeshwa.

Makala hii inadai mambo mawili. La kwanza, nyumba ya kumbukumbu iliyowekwa mahsusi kwa ajili ya haki za wanawake yastahili kusimama katika nchi ya Masasi na Newala. La pili, nalo ndilo zito zaidi, nyumba hiyo itakuwa kazi bure ikiwa shughuli zake kwa wananchi hazitakuwa za kufundisha na kutetea, bali za kuchezea wageni ngoma.

Kwa nini Masasi na Newala? Kwa sababu hakuna mahali katika nchi yetu ambapo mwanamke ametukuzwa zaidi kwa mfano na kusahauliwa zaidi kwa maandishi. Wazee wa Kimakonde wamesimulia tangu zamani kwamba mtu wa kwanza alikuwa peke yake, hana mwenzi, haogi wala hanyoi. Akachonga mti kwa sura ya binadamu, akausimamisha nje; usiku ule mti ukapata uhai, ukawa mwanamke. Wakashuka mtoni kuoga. Mtoto wao wa kwanza akazaliwa mfu. Wakahamia mahali pengine, na wa pili naye akazaliwa mfu. Walipopanda uwanda wa juu, upande wa Mahuta, mtoto wa tatu akaishi. Ndipo ikawa Wamakonde wakae juu, mbali na mabonde. Kwa hiyo sanaa ya uchongaji na asili ya kabila zima zimeanza kwa mwanamke, na hata leo vinyago vya mama aliyebeba mtoto vimefika katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani.

Lakini hebu tuitazame simulizi hiyo kwa jicho la pili. Kukaa juu kuna gharama yake, na gharama hiyo ni maji. Uwanda wa Makonde ni wa mchanga, mvua hunywea ardhini, wala hakuna mto juu yake. Kwa vizazi vingi mtungi ulishuka bondeni na kupanda tena juu ya kichwa cha mwanamke. Serikali ya kikoloni ilipoanzisha mradi wa maji ya Makonde katika miaka ya 1950, ukisukuma maji kutoka bonde la Kitangari, na baadaye wataalamu wa Ufini walipokuja katika miaka ya 1970 kupanga maji ya Mtwara na Lindi, mambo yaliandikwa mengi: mitambo, mabomba, mapipa na gharama. Hatua za mwanamke ndizo ambazo hazikupata daftari lake. Mama yumo katika kinyago. Katika daftari hayumo.

Wapo watakaonijibu kwamba Wamakonde, Wamakua na Wayao ni watu wa ukoo wa mama, na kwamba mwanamke wa huku hana haja ya kutetewa kama mwenzake wa bara. Hoja hii husemwa kwa majivuno, na mimi nimeisikia hata kwa walimu. Yafaa tuichambue, kwa maana ina nusu ya kweli, na nusu ya kweli hudanganya kuliko uongo mzima.

Ni kweli kwamba kwa desturi mtoto alihesabiwa katika ukoo wa mama yake. Ni kweli kwamba mume aghalabu alihamia kwa wakwe na kulima huko, na kwamba mwanamke aliyeachwa hakufukuzwa kwenye ardhi ya watu wake. Lakini ukoo wa mama si utawala wa mama. Mkubwa wa mambo alikuwa mjomba. Yeye ndiye aliyeamua posa, mahari, ugomvi na urithi. Mwanamke alikuwa mlango ambao mali ilipitia, na mlango haumiliki kipitacho.

Hata heshima hiyo ya mlango imepungua, na kilichoipunguza ni mkorosho. Zamani shamba la mtama au muhogo lilihama. Ardhi ikichoka iliachwa ipumzike, na ukoo ukakata msitu mahali pengine. Mkorosho hauhami. Ukishapandwa hudumu miaka mingi, na aliyeupanda huishika ardhi iliyo chini yake. Zao hili lilipoenea Newala na Masasi katikati ya karne ya 20, waliopanda kwa majina yao walikuwa wanaume wengi kuliko wanawake, na mwanamume aliyepanda alitaka kuwarithisha wanawe, si wapwa zake. Hivyo ukoo wa mama ukabaki katika majina na katika mazishi, huku mali ikianza kufuata njia ya baba. Tangu mwaka 2007 korosho huuzwa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi, chama hupeleka ghalani, mnada hufanyika chini ya vyama vikuu kama MAMCU na TANECU, na malipo humfikia aliyeandikwa. Aliyeandikwa! Mwanamke amepalilia, ameokota, ameanika na kujaza magunia. Kisha fedha hutafuta jina, na zisipolikuta jina lake humpita.

Tena sheria iliyoandikwa haikumjali sana mtu wa ukoo wa mama. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963, ambalo mahakama zetu zililitumia kwa miaka mingi katika mirathi, lilitungwa kwa makabila yafuatayo ukoo wa baba. Watu wa kusini walibaki pembeni, kila shauri likiamuliwa kwa ushahidi wa wazee, na wazee walioitwa kutoa ushahidi huo aghalabu walikuwa ni wajomba. Je, mwanamke wa namna hiyo hana haja ya kutetewa?

Hoja ya pili ya wapinzani ni ile ya kasumba. Husemwa kwamba haki za wanawake ni mambo ya Ulaya, yameletwa na wafadhili, wala hayamo katika utamaduni wetu. Wasemao hivi hawaijui historia ya nchi wanayoikanyaga. Mwaka 1876, miaka mitatu tu baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa, Askofu Edward Steere aliwaongoza waliokombolewa utumwani mpaka Masasi, wakaanza kijiji chini ya milima ile ya mawe. Miongoni mwao walikuwamo wanawake waliowahi kuuzwa. Haki ya mtu kutokuwa mali ya mtu mwingine haikufika Masasi katika mkoba wa mgeni wa juzi. Iliingia kwa miguu ya watu walioionja kinyume chake. Kijiji kile kilishambuliwa mwaka 1882 na misheni ikachomwa katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, na kila mara watu walirudi wakajenga upya.

Twende karibu zaidi na wakati wetu. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926, alijiunga na TANU mwaka 1954 na kuwaingiza wanawake kwa maelfu katika chama. Aliwapata wapi? Katika vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, ambamo wanawake walikwisha kuwa na viongozi wao, michango yao na adabu ya mkutano. Mwaka 1962 akawa kiongozi wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Baadaye alifungwa kwa kesi ya uhaini na akaachiliwa mwaka 1972. Alifariki mwaka 2000. Leo barabara kuu ya jijini yaitwa kwa jina lake, na ni vyema. Lakini barabara hupitwa. Nyumba ndiyo huingiwa.

Na hapa hapa jirani, kule Nachingwea, mwaka 1967 wasichana wa Msumbiji walifunzwa shabaha na siasa katika kambi ya FRELIMO, wakawa Kikosi cha Wanawake. Josina Machel alikuwa mmoja wao. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na umri wa miaka 25, na siku hiyo ndiyo Siku ya Mwanamke wa Msumbiji. Umoja wa Wanawake wa nchi ile ulizaliwa Tunduru mwaka 1973, katika ardhi yetu. Wamakonde wa ng'ambo zote mbili za Ruvuma ni ndugu. Kama huo si utamaduni wetu, basi ni wa nani?

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami naiheshimu. Husemwa: "Leteni maji, leteni zahanati, leteni madawati, nyumba ya kumbukumbu itangoja." Mama aliyebeba ndoo hawezi kulaumiwa akisema hivyo. Lakini wengi ninaowasikia wakisema hawajapata kubeba ndoo. Nawajibu hivi: maji yalipoletwa, ni nani aliyeulizwa kituo kikae wapi? Zahanati ilipojengwa, ni nani aliyeulizwa ifunguliwe saa ngapi? Mtu asiyejua kwamba ana haki ya kuulizwa hatauliza kwa nini hakuulizwa. Nyumba ninayoidai haishindani na bomba la maji. Ni mahali ambapo mwanamke atajifunza kukaa katika kamati ya maji na kusema, na maneno yake yakaandikwa.

Sasa nageukia jambo la shughuli, kwa maana hapo ndipo nyumba nyingi za kumbukumbu hufa zikiwa zimesimama. Tunajua mtindo uliozoeleka. Nyumba hufungwa mwaka mzima. Tarehe 8 Machi hufunguliwa, hufagiliwa, turubai likafungwa, akina mama wakavalishwa kanga za sare, ngoma ikapigwa, mgeni rasmi akahutubia, soda zikanywewa, nyumba ikafungwa tena. Huo si utamaduni, ni mapambo ya utamaduni. Ngoma iliyomsaidia Bibi Titi kujenga chama imegeuzwa kuwa kiburudisho cha kumsubirisha mgeni aliyechelewa.

Wenzetu wamefanya vingine. Huko Senegali, katika kisiwa cha Gorée, mwaka 1994 ilifunguliwa Makumbusho ya Mwanamke ya Henriette Bathily ndani ya nyumba ya karne ya 18, jirani na ile Nyumba ya Watumwa iliyojulikana duniani kote, nayo baadaye ikahamia Dakar. Mwanzilishi wake, Annette Mbaye d'Erneville, alikuwa mwandishi wa habari na mshairi, naye hakungoja wageni wamfanyie. Huko Manchester, Uingereza, imehifadhiwa nyumba ya Emmeline Pankhurst, ambamo mwaka 1903 wanawake walikutana na kuanzisha chama cha kudai kura. Ndani ya jengo lile, pamoja na kumbukumbu, hutolewa huduma kwa wanawake wanaopigwa majumbani mwao. Somo tunaloweza kulichukua ni kwamba nyumba ya haki hukumbuka kwa kutenda.

Basi na tuseme nyumba yetu ifanye nini. Kwanza, isiwe boma. Boma la Mjerumani mahali popote ni kumbukumbu ya kodi na viboko. Waachiwe wanahistoria walieleze. Nyumba hii iwe ya kawaida, ya miti na udongo, yenye jiko, mtungi, kinu na ua, ili mama wa Kitangari au wa Chiwata aingie bila kuogopa na aseme, "Hapa ni kwangu."

Pili, iwe na siku ya sheria kila mwezi, siku ya gulio, wakati watu wamekuja mjini. Pasomwe kwa Kiswahili chepesi kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki ya kumiliki mali sawa na mume. Pasimuliwe shauri la Bi Hawa Mohamed la mwaka 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Pasimuliwe shauri la Holaria Pastory la mwaka 1990, mwanamke wa Kihaya ambaye Jaji Mwalusanya alimpa haki ya kuuza shamba alilorithi kama ambavyo mwanamume angeuza. Pasomwe Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, isemayo kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili, na kwamba katika wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji watatu wawe wanawake. Kisha kila mama aulizwe swali moja tu: mikorosho unayoipalilia imeandikwa kwa jina la nani? Na asiyejua asaidiwe kwenda kuangalia.

Tatu, makungwi waitwe. Hapa najua nitapingwa na pande mbili: na wale wanaoona unyago ni ushenzi, na wale wanaoona ni siri isiyoguswa. Hawa wa kwanza wamerithi macho ya mmisionari. Hata miongoni mwa wamisionari, Askofu Vincent Lucas wa Masasi aliona kwamba huwezi kuing'oa shule ya watu bila kuwaachia shimo. Ndiyo maana alitafuta jando la Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Hawa wa pili nawaambia kwamba siri za unyago zibaki kwa wenyewe. Hakuna haja ya kuziweka kabatini. Tunachotaka ni mazungumzo. Unyago ni shule iliyoendeshwa na wanawake, yenye walimu wake, mitihani yake na sherehe yake. Ilimfunza msichana usafi, heshima na subira. Lakini pia, mara nyingi, ilimfunza kwamba akitoka mwali yu tayari kuolewa, hata kama ana miaka 14 na madaftari yake yako darasani. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani iliafiki kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana aolewe kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito waruhusiwe kurudi shule. Nani atayafikisha maneno hayo kwa mwali? Si waraka. Ni kungwi. Naye hatayafikisha kama hakuheshimiwa na kushirikishwa.

Nne, nyumba ikusanye sauti. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala, akapiga picha, akanunua vyombo, akanasa nyimbo kwa mashine kwenye mitungi ya nta. Vyombo vikaenda Leipzig. Leo mtafiti wa Ulaya aweza kuona vyombo vya bibi zetu, ilhali mjukuu wake Newala hana hata picha ya nyanya yake. Tudai nakala za picha na za sauti hizo, ni haki yetu. Lakini tusikae kuyalilia ya 1906 huku tukiyaacha ya leo yapotee. Kuna wanawake ambao bado wanakumbuka safari za bondeni, kuhamishiwa vijiji vya Ujamaa, wakimbizi waliovuka Ruvuma. Kila mwanafunzi wa sekondari na wa Chuo cha Ualimu Kitangali apewe kazi ya kumhoji mwanamke mmoja mzee, aandike maneno yake kama alivyoyasema, na ayaweke katika nyumba hiyo. Wavulana pia. Mvulana aliyeandika kwa mkono wake hatua za bibi yake kwenda mtoni hatakuwa mume yule yule.

Yasemwe pia yale yasiyopendeza. Nyumba itakayoonyesha tu mwanamke shujaa itakuwa inadanganya. Ionyeshe pia mama aliyemtoa binti shuleni, na kiongozi wa kike aliyekaa kitini akawasahau wenzake. Tangu mwaka 2021 nchi yetu imeongozwa na Rais mwanamke, na wapo wanaosema kwamba basi, mambo yamekwisha. Mambo hayaishi Ikulu. Yanaisha pale mjane wa Newala anapofika ofisi ya chama cha msingi na kulikuta jina lake.

Walimu wenzangu, msingoje jengo. Darasa lenye madaftari 40 ya masimulizi ya bibi 40 tayari ni nyumba ya kumbukumbu, na kabati lenye kufuli latosha kuanzia. Nanyi wanafunzi, mtakapopelekwa kutazama jumba lolote la historia, ulizeni kama alivyouliza msichana yule: mama wa nyumba hii alikuwa akikaa wapi? Mkijibiwa "jikoni", msicheke. Ombeni mfunguliwe jiko.